"Kauza Huyo": Neno Linalowaficha Wenye Kosa

Oktoba 8, 2025, Zambia iliifunga Taifa Stars bao 1-0 katika Uwanja wa New Amaan, Unguja. Mwezi mmoja nyuma, katika uwanja huohuo, Niger nayo ilikuwa imeshinda 1-0. Mechi mbili nyumbani, bao hakuna, na ndoto ya Kombe la Dunia 2026 ikazikwa palepale.

Kuumia ni haki. Mtu aliyepanda boti bandarini Mkoani, Pemba, akavuka hadi Unguja, akaitazama timu yake ikishindwa kufunga kwa dakika 90, hawezi kuambiwa anyamaze. Lakini yaliyofuata yalivuka mpaka wa maumivu. Kuanzia vijiwe vya Dar es Salaam hadi mabaraza ya Chokocho, kusini mwa Pemba, kocha Hemed Suleiman 'Morocco' na wachezaji wake walivuliwa nguo. Magarasa. Wala mlungula. "Kauza huyo." Mwanzoni mwa Novemba Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) likaachana na kocha huyo, AFCON ikiwa mlangoni, na waliokuwa wakitukana wakatembea vifua mbele kwamba sauti yao imesikika.

Vifua hivyo vishuke. Kuitukana timu yako inapoyumba ni kosa, na adabu ni sehemu ndogo tu ya sababu. Tusi humpiga asiye na madaraka, likamwacha mwenye madaraka akiendelea na chai yake.

Kwanza akumbukwe ni nani aliyekuwa akitukanwa. Desemba 2017 Hemed Morocco aliipeleka Zanzibar Heroes hadi fainali ya Kombe la Chalenji kule Machakos, baada ya kuzifunga Tanzania Bara na Uganda njiani. Fainali iliisha kwa sare ya 2-2 na Kenya, kombe likaenda kwa penalti. Agosti 2025 aliifikisha Taifa Stars robo fainali ya CHAN kwa mara ya kwanza. Kati ya robo fainali ile na kipigo cha Zambia miezi miwili haikutimia. Mtu hawezi kuwa fundi Agosti na mbumbumbu Oktoba.

Wanaotetea matusi wana hoja zao. Shabiki analipa kiingilio na nauli, na siku ya kazi anaiacha. Wachezaji ni watu wazima wanaolipwa. Na mwenye mapenzi ndiye mwenye hasira, asiyejali hatukani. Sawa. Anayelipa ana haki ya kuzomea pasi mbovu, kumtaka kocha ajieleze, hata kususia mechi. Yote hayo yanawezekana bila kumwita mtu mwizi.

Inabaki hoja wanayotamba nayo zaidi. Wanasema kelele zao zilizaa matunda: Miguel Gamondi alikabidhiwa timu, na Stars ikavuka makundi ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia. Kweli ilivuka. Ilivuka kwa pointi mbili, ikifungwa 2-1 na Nigeria, ikitoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha sare nyingine ya 1-1 na Tunisia kwa bao la Feisal Salum, mtoto wa Zanzibar. Sasa turudi Januari 2024, Ivory Coast. Morocco aliachiwa timu katikati ya mashindano baada ya kocha mkuu Adel Amrouche kufungiwa, Stars ikiwa imeshalala 3-0. Akatoka sare na Zambia, akatoka sare na DR Congo. Pointi mbili. Zilezile! Mwaka ule zilimwacha mkiani mwa kundi. Safari hii zilitosha kupenya kwa mlango wa nafasi ya tatu. Aliyetukana hakuongeza hata pointi moja.

Na huyo Gamondi ni nani? Novemba 2024 Yanga ilimwonyesha mlango baada ya kufungwa 1-0 na Azam na 3-1 na Tabora United, mechi mbili mfululizo, ilhali msimu uliotangulia aliipa ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho, tena akiwa ameichapa Simba 5-1. Mwaka mmoja baadaye ndiye aliyeitwa kuliokoa taifa.

Lakini hayo yote ni madogo. Linaloikata hoja hii ni swali ambalo halikuulizwa: kwa nini Stars ilishindwa kufunga hata bao moja pale Amaan?

Tazama wafungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Msimu wa 2022/23 walilingana wawili kwa mabao 17, Fiston Mayele wa DR Congo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi. Msimu wa 2023/24 alikuwa Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, mabao 21. Msimu wa 2024/25 akawa Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, mabao 16. Misimu mitatu, wafungaji bora wanne, Mtanzania hakuna. Klabu moja inaruhusiwa kusajili wageni 12, na klabu kubwa zinapotafuta mtu wa kumalizia mpira wavuni, macho yao huvuka mpaka kwanza. Wageni hawana kosa. Wamekuja kufanya kazi na wameikuza ligi. Ila kocha wa taifa anapoita washambuliaji, anaita vijana ambao wengi wao wiki nzima wamekaa benchi wakimtazama mwenzao wa Abidjan au Kinshasa akifunga. Halafu wanatakiwa waamke Jumatano usiku wawe hatari mbele ya goli la Zambia.

Kanuni ya wageni 12 haikuandikwa na mchezaji yeyote, wala haikuandikwa na Hemed Morocco. Inapitishwa na watu wenye ofisi na vikao, kama vile bajeti za timu za vijana zinavyopitishwa, au zisivyopitishwa. Ni nani kati yao aliyetajwa barazani usiku ule wa Oktoba 8? Hata mmoja. Tusi linahitaji uso, na kamati haina uso. Kamati haivai jezi, haipigi penalti, haianguki mbele ya kamera. Kwa hiyo tusi humtafuta aliye karibu: kipa aliyepitwa, mshambuliaji aliyekosa, kocha aliyesimama kwenye mstari huku mikono kaifunga kifuani. Likishampata, hasira imeisha na watu wamekwenda kulala. Swali limebaki pale uwanjani bila mwenyewe. Kiongozi mzembe hahitaji mlinzi bora kuliko shabiki anayemtukana kipa.

Juma Kaseja anaijua njia hiyo. Mwaka 2003 alikuwa langoni mwa Simba kule Cairo, siku Zamalek, waliokuwa mabingwa wa Afrika, walipotolewa kwa penalti. Miaka kumi baadaye Simba ikiyumba, waliokuwa wakilishangilia jina lake wakamzomea, na mkataba wake ukaisha bila kuongezwa. Akahamia Yanga. Desemba 2013 Simba ikaifunga Yanga 3-1 katika mechi ya Nani Mtani Jembe, lawama zikamshukia tena, mara hii kutoka upande wa kijani. Kocha Ernie Brandts naye akaondolewa. Waliomsajili kipa na kumwajiri kocha wakabaki vitini mwao. Rangi za jezi zilibadilika. Ukimya wa ofisini haukubadilika.

Septemba 8, 2019, jijini Dar es Salaam, Stars na Burundi walifika hatua ya penalti kuwania kusonga mbele katika mchujo wa Kombe la Dunia. Langoni alisimama Kaseja, umri miaka 34. Stars ikashinda penalti 3-0. Burundi hawakupata hata moja. Usiku ule nchi nzima ilimwita shujaa, na waliowahi kumzomea hawakumwomba radhi.

Kati ya matusi yote, "kauza" ndilo baya zaidi. Kumwita mchezaji mzito ni maoni. Kumwita muuzaji wa mechi ni kumtuhumu kosa la jinai, bila shahidi, mbele ya watoto. Kisiwa kama Pemba, ambako kumzulia mtu kunajulikana uzito wake na watu wanapima ulimi wakizungumzia jirani, vipi kinaliruhusu neno hilo lipite kwa sababu tu limepita karibu na mpira?

Sehemu ya jibu iko mbele ya skrini. Watu wamebanana kwenye chumba kimoja, na beki wa Manchester United anaitwa kila jina la mnyama. Hasikii; yuko kilomita maelfu. Ulimi unazoea. Kesho yake alasiri maneno yaleyale yanahamia kwenye kiwanja cha kijiji, na hapo yanasikika vizuri sana. Kipa ni kijana wa skuli. Glovu zake zimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Mpira umedunda kwenye shimo lililochimbika mbele ya goli, ukampita chini ya tumbo. Hakuna anayelitazama lile shimo. "Kauza huyo!" Kijana anaokota mpira bila kuinua uso, na krosi inayofuata haiendei tena, amebakia kwenye mstari, visigino vimegusa nyavu, anaogopa kuliko anavyodaka. Timu imempoteza kipa kwa neno moja, na shimo lipo palepale likimsubiri kipa mwingine.

Kulifukia shimo lile kunahitaji makarai kumi ya udongo na nusu saa ya watu sita. Waliokuwa wakipiga kelele nyuma ya goli walikuwa zaidi ya sita.

Uvumilivu unakwisha hapo. Mtu mzima anayeweza kumtaja kipa, mama yake na ukoo wake, lakini hajawahi hata siku moja kuuliza kwenye mkutano timu ya vijana ya wilaya yake ilicheza mechi ngapi mwaka jana, asijiite mwenye mapenzi na mpira. Anapenda kelele.

AFCON 2027 inakuja nyumbani, Tanzania, Kenya na Uganda. Mashabiki wa Chokocho, Wete, Unguja na Bara wana muda wa kuliuliza swali la Amaan mahali panapostahili, kwa TFF na kwa shirikisho la Zanzibar, ZFF, kwa barua, kwenye redio, kwenye mikutano na kila kiongozi anapokuja kukata utepe: ni vijana gani wazawa wanaandaliwa kufunga mabao, wanacheza wapi wiki hii, na kwa dakika ngapi? Wawaulize wenye ofisi kwa majina yao, na wasiondoke bila jibu. Kipa wamwache adake.