Tusipite Tu, Tulale

Ndugu zangu mnaoishi Hamburg, Rotterdam, Lyon na Stockholm, na ninyi mlioko Mombasa na Dar es Salaam ambao mmeanza kuweka akiba ya safari, wito huu ni wenu. Likizo ikifika, mwenye nafasi hupanda ndege akaenda nyumbani, na hakuna wa kumlaumu, wazazi wanamsubiri. Asiye na nafasi hubaki ndani akihesabu matone dirishani, ilhali kibali cha ukaazi alicho nacho, pamoja na pasipoti hai, kinamruhusu kutembelea Ureno, Uhispania au Italia hadi siku 90 katika kila siku 180 bila kuomba viza nyingine. Wengine tukienda, tunakwenda kwa basi la kundi: mji leo, mji kesho, picha mbele ya kila kanisa, na usiku hoteli ya kando ya barabara kuu ambako hata duka la mkate halipo. Naomba tuachane na mtindo huo. Twende wenyewe, kwa treni na mabasi ya kawaida, tuchague miji michache, na tulale ndani ya miji hiyo.

Mtu ataniuliza, kwa nini kusini mwa Ulaya? Kwa sababu kuna chetu huko. Jumba la Taifa la Sanaa za Kale la Lisbon liko mtaa wa Janelas Verdes, kando kidogo ya njia kuu za watalii. Humo ndani kuna monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi Takatifu, kilichofuliwa kwa dhahabu na kutiwa enameli za rangi. Ukisogea karibu na kioo utawaona mitume 12, wadogo kuliko kidole, wamepiga magoti kwa duara. Maandishi yaliyozunguka kitako yanasema Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe, kikakamilika mwaka 1506. Sonara anayetajwa ni Gil Vicente. Dhahabu ni ya Kilwa.

Haikununuliwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na meli zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa mji, Amir Ibrahim, kulipa ushuru wa utii kwa mfalme wa Ureno, na mwaka uliofuata akaifikisha dhahabu Lisbon. Mwaka 1505, kabla kazi ya sonara haijakamilika, meli nyingine za Wareno zilirudi Kilwa na kuupora mji. Haya yote yanasomwa darasani kwetu kwa mistari miwili mitatu, lakini kusimama mbele ya kitu chenyewe, kinang'aa, kizima, ni jambo jingine. Vasco da Gama naye amezikwa Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, na foleni ya huko huwa ndefu hata siku ya mvua. Mimi, kama muda wako ni mfinyu, nakushauri uiruke foleni hiyo na ubaki na dhahabu.

Mzazi mwenye watoto waliozaliwa na kukulia Ulaya, huu ndio mji wa kuwapeleka kwanza. Wafike na jina la Kilwa Kisiwani kichwani kabla ya jina la Ronaldo.

Kutoka Lisbon teremka pwani ya Algarve. Inayotangazwa huko ni fukwe, na kweli ni nzuri, ingawa anayetoka Diani au Nungwi hatababaika sana, na maji yake ni ya baridi. Nenda mji wa huko uitwao Lagos kwa sababu nyingine. Agosti 1444, watu 235 waliotekwa pwani ya Afrika Magharibi walishushwa hapo na kugawanywa hadharani, mama na mwanawe kila mmoja fungu lake. Mwaka 2009, mafundi walipokuwa wakichimba mahali pa kujenga maegesho ya magari, ilipatikana mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 waliotupwa kwenye jalala la zamani la mji. Leo kuna makumbusho madogo ya biashara ya utumwa katika jengo linaloitwa Soko la Watumwa. Unaweza kuyamaliza kwa muda mfupi, kisha utahitaji muda mrefu zaidi wa kukaa tu kwenye benchi la nje. Basi la kundi haliwezi kukupa huo wa pili.

Lagos ni mwisho wa reli upande wa magharibi. Treni ya huko haina haraka. Mara nyingi unabadilisha Faro, unapita Tavira na mashamba yake ya chumvi, hadi Vila Real de Santo António kwenye mto Guadiana. Ng'ambo ni Uhispania. Tangu daraja kubwa lifunguliwe mwaka 1991 magari yamehamia huko, lakini kivuko cha abiria kimebaki, na ndicho ninachowaomba mpande. Mtu wa Likoni hatahitaji kufundishwa namna ya kushika ukingo. Saa za nchi hizo mbili zinapishana kwa saa moja, kwa hiyo ukipanda saa nne asubuhi utashuka Ayamonte saa tano na robo hivi, ingawa maji yenyewe ni ya dakika chache. Upande wa pili kuna mabasi ya Huelva na Seville. Anayetafuta treni ya moja kwa moja kutoka Lisbon hadi Seville atachoka bure, haipo.

Sasa nije kwenye suala la kulala, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Miji ya kusini imechoka na wapita njia. Venice ya kale ilikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Leo hawafiki 50,000. Tangu Agosti 2021 meli kubwa za watalii zimezuiwa kupita mfereji wa Giudecca, na Aprili 2024 mji ulianza kuwatoza euro 5 wanaoingia na kutoka siku hiyo hiyo katika siku za msongamano. Anayelala mjini hatozwi ada hiyo. Barcelona nako, Julai 2024, waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za watoto, na meya Jaume Collboni ametangaza kwamba leseni za fleti za watalii, kama 10,000 hivi, hazitaongezwa muda zikiisha mwaka 2028. Kisa ni kodi ya nyumba. Fleti ikiwa ya wageni, mpangaji anasukumwa nje ya mji aliozaliwa.

Sisi hatuhitaji kuelezwa habari hii. Tumeona majumba ya Lamu yakinunuliwa na watu wa mbali, tumeona familia zikihama Mji Mkongwe na vyumba vya bibi vikigeuzwa hoteli. Tunajua uchungu wa kupigwa picha mlangoni kwako bila salamu. Basi na sisi tukiwa wageni tusilifanye lile tunalolilalamikia. Chukua chumba katika nyumba ya wageni ambayo mwenyewe anaishi humo humo au mtaa huo, badala ya fleti iliyoondolewa kwa wapangaji. Kaa usiku tatu au nne. Nunua mkate kwa mwoka mikate yule yule hadi akuzoee. Usisafiri Julai na Agosti kama unaweza kuepuka. Oktoba, Machi na Aprili jua la Andalusia, kusini mwa Uhispania, halikuchomi kama la kiangazi.

Huko Andalusia, Córdoba ni mji unaomlipa anayelala. Msikiti wake mkuu ulianza kujengwa mwaka 785, msitu wa nguzo na matao yenye mistari myekundu na myeupe, na katikati yake kanisa kuu lililopandikizwa karne ya 16. Mwislamu aende akijua kwamba kuswali humo hakuruhusiwa. Watalii wa kutwa wakishaondoka jioni, vichochoro vinarudi kwa wenyewe, viti vinatolewa nje, na Mei familia hufungua nyua zao zilizojaa vyungu vya maua watu wazione. Mchana maduka mengi hufungwa hadi alasiri, nasi wa Mombasa na Lamu hilo si geni kwetu. Chakula cha usiku kinaanza saa tatu.

Mambo ya mezani nayo. Ureno, ukikaa tu, mhudumu huweka mkate, zeituni na jibini bila kuulizwa. Si takrima, ukila unalipa, usipotaka mwambie aondoe, wala hakuna atakayenuna. Uhispania nyama ya nguruwe hunyunyizwa hata juu ya supu baridi ya nyanya, kwa hiyo sema "sin jamón" kabla hujaagiza.

Na karatasi. Beba pasipoti na kibali chenyewe, siyo picha kwenye simu, kwa sababu askari wanaweza kukuomba ndani ya basi la mpakani, na yaelekea wataanza na sisi weusi. Mlioko London na Leicester bila pasipoti ya Uingereza, kibali cha huko hakifungui nchi hizi za Schengen. Mtaomba viza kama walioko Nairobi na Dar es Salaam: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Tiketi za Alhambra, ngome ya kale ya Granada, zikateni mapema, maana kasri za ndani huingiwa kwa saa iliyoandikwa.

Mkirudi, nina ombi moja zaidi. Andikeni, tena kwa Kiswahili: nauli ya kivuko cha Guadiana, basi la mwisho la Ayamonte, nyumba ya wageni iliyowapokea vizuri na iliyowapokea vibaya, mkahawa wa halali karibu na stesheni ya Córdoba. Mwanafunzi wa Morogoro aliyepata nafasi ya kusoma Coimbra, Ureno, ataanzia hapo.