Wacha Msasa, Shika Kitambaa

Leo niko na kesi, na mshtakiwa ni yule jamaa wa kutembea na msasa mfukoni. Mnamjua. Yuko Litein, yuko Kapkatet, yuko Silibwet, popote penye meza ya pool na mvua ya mchana. Kabla ya kuvunja mipira lazima aisugue fimbo mara kumi huku akiangalia watu kama fundi. Huyo si fundi. Huyo anakula fimbo.

Hebu tuelewane kwanza, uchafu unatoka wapi? Ile chaki ya bluu si chaki ya ubaoni. Ni unga wa silika wenye chembe za kukwaruza, na mambo yalianza hivyo tangu Spinks na Hoskins waipatie hataza Marekani mwaka wa 1897. Unga ukidondoka unakutana na jasho na mafuta ya vidole. Kwetu huku ongeza utomvu wa majani chai kwa mkono uliotoka kuchuma. Vyote vinajazana kwenye vitundu vya mbao, na fimbo inaanza kukwama vidoleni badala ya kuteleza.

Msasa unautoa huo uchafu, sikatai. Lakini unautoa pamoja na mbao. Uso uliokuwa laini na umejifunga unabaki wazi, na mbao iliyo wazi inakunywa jasho na chaki haraka kuliko jana. Kesho ni chafu zaidi, kesho unasugua tena. Huo si usafi, ni deni.

Na mbao ikishaenda hairudi. Fimbo inakonda pale pale vidole vinapopita, inaanza kuyumba ukipiga kwa nguvu, halafu siku moja inavunjika mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kuigusa na msasa. Nani analipishwa? Ni yeye. Kijana amechuma chai tangu asubuhi, pesa yake inaenda kulipia ujuaji wa mtu mwingine. Hiyo ndiyo inaniuma.

Wale wa kuosha na maji na sabuni, nanyi msicheke. Mbao ikilowa nyuzi zake zinasimama, uso unakuwa mkwaruzo, kisha mnaita nani? Jamaa wa msasa. Na kwa unyevu wetu huu, fimbo iliyolowa halafu ikaegemezwa ukutani karibu na mlango inapinda.

Mbona nyumbani tunajua haya? Hakuna gogo anayekubali sotet ya mursik isuguliwe na waya wa sufuria. Inasafishwa na sosiot, inapakwa mkaa wa senetwet, na inakaa miaka. Kila chombo kina usafi wake. Fimbo nayo ni chombo.

Usafi wake ni huu. Ukimaliza gemu, ifute na kitambaa kikavu, hata cha tishati kuukuu. Ikishika weusi, weka spiriti kidogo isiyo na mafuta kwenye kitambaa, si kwenye fimbo, futa haraka, kisha kausha hapo hapo. Usifike kwenye ngozi ya ncha, wala kwenye rangi ya huku nyuma. Mwishowe chukua kipande cha ngozi, hata cha mshipi uliokatika, sugua kwa kasi mpaka usikie joto mkononi. Hilo joto linaulainisha uso na kuufunga. Na unawe mikono kabla ya kucheza, bana. Hiyo ni bure.

Najua jibu lenu: "Fimbo si yangu, ni ya mwenye meza." Sawa, lakini mpira ukienda kombo, anayepoteza ni mwenye meza ama ni wewe? Mbao ya kuingiza kwa meza unayo, ile mbao iliyo mkononi huijali.

Nanyi wenye meza, msijifiche. Kila gemu mnahesabu sarafu, lakini kitambaa kimoja cha kufutia fimbo hakuna. Tundikeni kitambaa ukutani. Wekeni mahali pa kusimamisha fimbo, mbali na mvua na mbali na jiko. Na kabla ya kumlipisha mtoto wa watu fimbo iliyovunjika, ipimeni kwanza imekondeshwa kiasi gani, na na nani.

Jamaa wa msasa, nakupenda, lakini peleka huo msasa kwa fundi wa viti. Hapa tunataka kucheza.