Tumtunze Mtunzaji

Redio ya mkononi iliyoko Ruiru haimfikii kwa urahisi msikilizaji wa Thika. Majumba na miinuko huyazuia mawimbi. Ndiposa wapenzi wa redio ya ridhaa huhitaji repita: mtambo uwekwao mahali pa juu, upokeao sauti kwa masafa moja na kuirusha upya papo hapo kwa masafa mengine. Kwa kuwa hawaruhusiwi kufanya biashara hewani, gharama hutoka mifukoni mwao.

Sisi Wakenya ni hodari wa harambee ya kununua. Lakini betri huchakaa, radi hupiga antena, kodi ya mlingoti hudaiwa. Waliochanga kwa vifijo hawaonekani tena, na mzigo humwelemea mmoja. Je, si hayo tuyaonayo katika maabara za shule zetu?

Mnamo Juni 25, 2024 intaneti ilivurugika nchini. Siku kama hiyo repita husema, mradi betri yake i hai.

Nikiwa mwanaisimu, nawakumbusha walimu na wanafunzi kwamba kitenzi kutunza kina maana mbili: kuangalia kitu kisiharibike, na kumzawadia mtu kwa kazi njema. Chama cha redio shuleni na kitenge fedha za matengenezo kabla ya kununua chombo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.