Muhuri wa Nyama Hauingii Ndani ya Sambusa



Juzi nilipita Katangi, huko Yatta, kaunti ya Machakos, njaa inaniuma. Buchani paja la ng'ombe lilikuwa limening'inia, muhuri wa mkaguzi wauona waziwazi. Hatua chache mbele, mama mmoja alikuwa akikaanga sambusa za nyama. Hapo muhuri haukuwepo, wala haungeweza kuwepo. Nikanunua ndizi nikaendelea na safari.

Simtuhumu mama yule. Lakini Ukambani punda ndiye mbeba maji, na Machakos ilikuwa na mojawapo ya vichinjio vinne vya punda nchini. Wizi wa punda ulipozidi, serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020. Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo 2021. Kwetu Waislamu, nyama ya punda wa kufugwa imeharamishwa tangu Khaybar.

Nyama ikishasagwa, jicho halina ujanja. Mwaka 2013 huko Ireland, baga moja iliyouzwa kama ya ng'ombe ilikutwa na 29% ya farasi. Aliyefichua si mlaji, ni maabara iliyopima vinasaba.

Vipimo hivyo vyataka muda na pesa. Kuna njia ya haraka, spektroskopia: kifaa huimulika nyama kwa mwanga, mara nyingi ule usioonekana kwa macho. Maji, mafuta na protini hufyonza mwanga kwa namna tofauti, na unaorudi hulinganishwa na kumbukumbu za nyama zinazojulikana. Jibu hupatikana papo hapo. Ila kumbukumbu hizo lazima zitokane na mifugo yetu, nyama mbichi na iliyopikwa, na yenye shaka ithibitishwe maabara. Wala kifaa hakitakwambia kama bismillahi ilisomwa. Hiyo ni amana ya mchinjaji.

Katiba ya 2010 iliwapa kaunti vichinjio na leseni za wauzaji chakula. Basi kaunti zetu za Pwani zisitosheke na muhuri wa pajani. Wakaguzi wazifuate kima, soseji na sambusa, ndiko udanganyifu unakojificha.

Bila hivyo anayeumia si mlaji peke yake. Pengine mama wa Katangi alikuwa mkweli kabisa, na bado alinikosa mimi mteja, kwa kuwa hakuwa na cha kunionyesha.