Matone ya steroidi katika macho ya watoto



Juma hili tumeona tuizungumzie chupa ndogo ambayo haikosekani katika nyumba nyingi. Huwekwa juu ya kabati au kwenye mlango wa friji, ikingojea siku mtoto atakapoamka na macho mekundu. Mama huitoa, humdondoshea mtoto tone moja katika kila jicho, na kabla ya adhuhuri wekundu umekwisha na mtoto yuko uani anacheza. Jirani akiona, naye huomba jina la dawa akanunue. Ni wachache wanaouliza ndani yake mna nini.

Mara nyingi mna steroidi, ama peke yake, ama ikiwa imechanganywa na dawa ya kuua bakteria. Anayetaka kuijua asome kibandiko: majina ya dawa za jamii hii yaliyoandikwa kwa Kiingereza mengi huishia kwa herufi "sone" au "lone". Deksamethasoni, betamethasoni na prednisoloni ndizo zinazoonekana zaidi. Asili yake ni kotisoni, dawa iliyowapatia Hench, Kendall na Reichstein tuzo ya Nobel mwaka 1950, na hatuna budi kukiri kwamba imewaokoa watu wengi. Kazi yake ni kuzima uvimbe na wekundu, uwe umesababishwa na nini. Hapo ndipo penye sifa yake na ndipo penye hatari yake, kwa kuwa jicho hutulia hata kama kilichokuwa kikilidhuru bado kimo ndani.

Watoto wanaoitumia kwa muda mrefu zaidi ni wale wenye mzio wa macho. Ugonjwa huu ni wa kawaida katika nchi zetu za joto na vumbi. Huanza mtoto akiwa bado mdogo, huwapata wavulana kuliko wasichana, na aghalabu hupungua wanapobaleghe. Mtoto hufikicha macho mchana kutwa, hutoa tongotongo linalovutika kama uzi, hukimbia mwanga wa jua, na sehemu nyeupe ya jicho hugeuka rangi ya kahawia. Kwa kuwa mzio hurudi kila mara, na chupa nayo hurudiwa kila mara. Dawa iliyoandikwa na daktari kwa juma moja au mawili huwa ya mwaka mzima, bila mtu yeyote kulitazama tena jicho lenyewe.

Madhara ya kwanza ni presha ya macho, yaani glakoma. Ndani ya jicho hutengenezwa maji kila wakati, nayo hutoka kupitia kichujio chembamba kilicho pembeni. Steroidi hukiziba kichujio hicho kidogo kidogo. Maji yasipotoka, shinikizo hupanda kupita kiwango cha kawaida, ambacho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huanza kufa kuanzia pembezoni. Si watu wote wanaopatwa na hali hii, wala hakuna alama ya nje ya kumtambua mapema atakayepatwa. Linalojulikana ni kwamba shinikizo la watoto hupanda upesi na juu zaidi kuliko la watu wazima, pengine katika siku chache tu. Na kwa kawaida haliumi. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukueleza kwamba anaona kama mtu achunguliaye tunduni, kwa sababu hudhani kila mtu huona hivyo. Kilichokufa katika mshipa huo hakirudi, kwa dawa wala kwa upasuaji.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu hivi, ganda la jicho bado ni laini, kwa hiyo shinikizo hulitanua. Macho huwa makubwa, na wageni humsifu mtoto kwa uzuri wake. Macho yanayokua kupita kiasi, yanayotokwa na machozi na kuukimbia mwanga, yanahitaji daktari upesi.

La pili ni mtoto wa jicho, ambaye wengi wetu tunamjua kama maradhi ya wazee. Steroidi hutia ukungu upande wa nyuma wa lenzi. Kwa mzee, upasuaji huirudisha nuru. Kwa mtoto mdogo jambo ni zito zaidi, kwani ubongo wake bado unajifunza kuona hadi afikapo miaka saba au minane. Jicho likizibwa katika umri huo, ubongo huzoea kutolitumia, na lenzi ikibadilishwa bado kuna kazi ndefu ya kulifundisha upya.

La tatu ni vidonda. Mtoto aliyechomwa na jani shambani anaweza kuwa na fangasi katika kioo cha jicho, na mwingine huwa na virusi vya hepesi. Wote wawili macho yao huwa mekundu kama ya mwenye mzio. Ukiwapa steroidi, kinga ya jicho hulala na kidonda hupanuka, pengine mpaka kioo kitoboke.

Tone nalo halibaki jichoni. Hupita katika kijia cha machozi hadi puani na kooni, ndiyo maana mtoto husema "chungu." (Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka kuwa njia hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya wanazuoni wahitilafiane juu ya wanja na dawa ya macho kwa aliyefunga: Wamaliki wamezingatia kufika kwake kooni, na Washafii hawakuhesabu jicho kuwa tundu lililo wazi.) Katika mwili mdogo wa mtoto mchanga, dawa hiyo ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu inaweza kuuvimbisha uso, kuchelewesha kukua na kulaza tezi zilizo juu ya figo. Kumbonyeza mtoto taratibu pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili baada ya kumtia tone hupunguza kiasi kinachopita.

Wanaouza dawa hizi bila cheti tunawakumbusha kwamba mafakihi wamemtia dhamana anayetibu bila elimu kwa madhara atakayoyasababisha. Kusema "mteja mwenyewe ameitaka" hakumwondolei mtu dhamana hiyo.

Hatusemi steroidi zitupwe. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, au mwenye uvimbe wa ndani, anazihitaji, na mzazi asizikatishe ghafla kwa kuyasoma haya. Daktari huzipunguza kwa hatua. Kwa mzio wa kawaida yapo matone yasiyo na steroidi, kama kromoglikati na yale ya kuzuia mzio, ingawa kromoglikati huchukua siku kadhaa kuonyesha faida na huwachosha wazazi wenye haraka. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi na kuosha uso baada ya mchezo husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Ambaye mtoto wake amekwisha kutumia dawa ya jamii hii kwa zaidi ya majuma mawili, ampeleke kliniki ya macho na aombe shinikizo lipimwe. Huduma za macho ya watoto zipo Muhimbili na CCBRT kwa walio Dar es Salaam, na KCMC kwa walio Moshi. Achukue na chupa yenyewe, hata ikiwa tupu, ili daktari aone ni dawa gani.