Kabla ya Bangi Kutulipia Deni, Nani Mwenye Kikaushio?

Kila nikiingia mtandaoni siku hizi nakuta kijana mwenzangu anahesabu mabilioni ya bangi. Ekari moja mara kilo kadhaa mara bei ya Ujerumani, halafu deni la taifa kwisha. Mwaka wa 2022 hesabu hiyo ilipata mgombea urais, George Wajackoyah, tukaicheka na kuipenda kwa pamoja. Mimi siipingi bangi. Sheria ya 1994 imewapeleka korokoroni vijana wa mitaa kwa sababu ya msokoto mmoja, na hiyo ni aibu yetu sote. Ninachopinga ni hesabu inayoruka kutoka shambani hadi benki bila kupitia kwenye kikaushio.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo mengi. Maua ya bangi yakikatwa, zaidi ya robo tatu ya uzito wake huwa ni maji. Kilo 100 ulizojivunia shambani zinabaki kama 20 hivi. Ukiyarundika mabichi, yanapata joto yenyewe na ukungu unaingia. Ukungu ukishaingia, hakuna mnunuzi wa dawa atakayeyagusa. Ukiyaanika juani kama omena, harufu yake inapeperuka, na mwanga na hewa vinaigeuza THC polepole kuwa CBN, kitu ambacho mnunuzi hakuagiza.

Kwa hivyo wanaotengeneza dawa huyatundika matawi kichwa chini kwenye chumba chenye giza. Joto ni nyuzi 15 hadi 21, unyevu wa hewa asilimia 50 hadi 60, na feni zinazungusha hewa bila kuyapuliza maua yenyewe. Hukaa hapo wiki moja hadi mbili. Ndipo yanaenda kukamuliwa, kwa ethanoli au kwa kaboni dayoksaidi iliyobanwa kwa shinikizo kubwa. Ukikimbilia ethanoli na maua yenye maji mengi, maji hayo yanaizimua, nayo inabeba rangi ya majani na takataka nyingine ambazo baadaye utalipa kuzisafisha.

Sasa niambie, boss: mwenye nusu ekari atatoa wapi chumba hicho? Na stima ikipotea siku mbili? Hana. Atauza maua mabichi, siku hiyo hiyo, kwa bei yoyote atakayotajiwa, kwa sababu kila saa inayopita mali yake inaoza. Mwenye kikaushio hahitaji hata kumdanganya. Anahitaji tu kungoja.

Hii sinema tumeshaiona, na jina lake ni pareto. Kwa miaka mingi Kenya ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia: Molo, Kinangop, Kisii. Nayo ni ua linalokaushwa ndipo likamuliwe. Nyanyangu alianika yake kwenye mikeka, akikimbizana na mvua, akiigeuzageuza isivunde. Gunia lilienda kwa mnunuzi, na bei ilitegemea kiwango cha sumu ya wadudu iliyomo ndani ya ua, kitu kinachopimwa maabara. Maabara ilikuwa yao. Mizani ilikuwa yao. Yeye alikuwa na mikeka. Malipo yalianza kuchelewa miezi, kisha miaka, na mwishowe aling'oa pareto akapanda viazi, kama walivyofanya majirani zake wengi. Soko likaenda Tasmania, huko Australia. Ua letu halikuwa na kasoro yoyote. Kilichotushinda ni kumlipa aliyelichuma.

Utaniambia, mbona Lesotho wameweza? Kweli, mwaka wa 2017 walikuwa wa kwanza Afrika kutoa leseni ya bangi ya dawa. Mitaji ikaja kutoka Kanada. Lakini wanakijiji wa milimani, waliokuwa wakiilima kwa vizazi kabla haijaitwa dawa, hawakuweza kumudu bei ya leseni. Mmea ulihalalishwa, mkulima akabaki haramu. Kama huo ndio ushindi tunaoungoja, basi manze, tumekubali kidogo sana.

Na tusidanganyane kwamba hakuna njia nyingine. Majani ya chai nayo hayangoji. Yakichumwa asubuhi, sharti yafike kiwandani siku hiyo. Ndiyo maana wakulima wadogo wa chai walipigania kuwa na hisa katika viwanda vyenyewe. Vita vyao havijaisha, lakini angalau wanagombana wakiwa ndani ya mlango.

Basi siku Bunge litakapoujadili mswada wa bangi, tusiende na bendera na muziki peke yake. Twende na masharti. Leseni ambayo chama cha ushirika kinaweza kuimudu. Vikaushio vya wakulima kwanza, leseni za kampuni baadaye. Nakala ya kipimo cha maabara mkononi mwa mkulima, na haki ya kupima kwingine. Malipo ndani ya siku 30, yakichelewa riba ihesabiwe. Na waliofungwa kwa msokoto wafutiwe rekodi kabla ya tajiri yeyote kupewa cheti cha kuuza gunia.

Anayekataa masharti hayo hapiganii bangi. Anatafuta shamba lingine la pareto, na safari hii anataka sisi ndio tulime.