Mahali pa Mpiga Besi Paachwe Wazi

Mwaka jana katika jarida letu hili niliandika kuhusu foleni ya maji pale mferejini. Wengi mlinipongeza, wengine mkanuna. Mwaka huu nina jambo lingine, na najua wanachama wataniuliza linahusu Kiswahili vipi. Jibu langu ni kwamba maoni ni yangu lakini lugha ni yetu sote. Tuendelee.

Nina swali. Bendi ikipiga, huwa unamtazama nani? Najua jibu. Unamtazama mwimbaji, ama yule wa gitaa la solo anayelipigia hata nyuma ya kichwa. Mpiga besi yuko kule nyuma karibu na dramu, anatazama vidole vyake kama mtu anayehesabu deni. Jina lake hulijui. Lakini hebu anyamaze dakika moja tu! Wimbo wote unapwaya kama suruali isiyo na mshipi, na hapo ndipo unageuka kuuliza, kwani kuna nini?

Mjomba wangu, kakake Mama, alikuwa mtu wa namna hiyo. Alipiga besi katika bendi za benga hapa Nakuru kwa miaka zaidi ya ishirini. Alituaga mwaka jana mwezi wa Agosti. Tulipompeleka nyumbani Butere kumzika, bendi ilikuja usiku wa matanga, nami nikafurahi nikidhani leo watu watajua huyu mtu alikuwa nani. Wapi! Mahali pake palikuwa pamesimama kijana mwingine, gitaa begani, nywele zinameta mafuta. Wakapiga hadi majogoo. Watu wakacheza, vumbi likatimka. Asubuhi nilimsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Bendi iko sawa kabisa, huwezi hata kujua kuna mtu amepungua." Alisema kwa nia njema, alikuwa anawasifu. Mimi nilienda nyuma ya boma nikalia kushinda nilivyolia kaburini.

Tuliporudi Nakuru nilimweleza fundi mmoja wa redio pale Bondeni, rafiki wa mjomba wa siku nyingi. Yeye hakunipa pole. Alifungua kabati akatoa kanda moja ya zamani, aliyoachiwa na mteja aliyeshindwa kulipia ufundi. "Kaa hapo," akasema, "usikie kazi ya marehemu mwingine." Ilikuwa kanda ya watu wawili tu, piano na besi, Abdullah Ibrahim na Johnny Mbizo Dyani, waliyoirekodi mwaka 1979 huko Ujerumani. Inaitwa Echoes from Africa. Hakuna dramu, hakuna tarumbeta. Wanapiga na kuimba kwa sauti zao, polepole, kama wazee wawili wanaotembea jioni kwenda kuangalia ng'ombe. Kwa kuwa ni wawili tu, besi haina mahali pa kujificha. Nilikaa pale hadi nikachelewa kufika nyumbani, na niliyopata kwa Mama sitayaandika hapa.

Johnny Dyani alikuwa mwenyeji wa Afrika Kusini, mtaa wa Duncan Village katika mji unaoitwa East London. Besi yake haikuwa gitaa kama la mjomba. Ilikuwa ile kubwa ya mbao inayosimamishwa chini, inayozidi kimo cha mtu. Unaikumbatia kama gunia la mahindi, kisha unavuta nyuzi zake nne kwa vidole. Alikuwa kijana mdogo sana alipojiunga na bendi ya Blue Notes. Humo alikuwamo Chris McGregor kwenye piano, Dudu Pukwana na Nick Moyake kwenye saksafoni, Mongezi Feza wa tarumbeta, na Louis Moholo wa dramu. McGregor alikuwa mzungu na hao wengine Waafrika. Wakati huo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria, kwa hivyo kupanda jukwaa moja kulikuwa kujitafutia taabu. Mwaka 1964 walialikwa kwenye tamasha la jazi la Antibes, Ufaransa. Wakaenda na wakabaki Ulaya. Moyake tu ndiye aliyerudi mapema, akafia nyumbani.

Hapa ndipo ninapogombana na waandishi. Ukisoma mambo yaliyoandikwa juu ya Dyani, mengi ni uhamisho, uhamisho, uhamisho. Alihama, aliteseka, alikufa ugenini. Ni kweli tupu, nami siyadharau mateso ya mtu. Lakini mtu akimaliza kusoma hayo yote anajua habari za serikali ya makaburu kuliko habari za vidole vya Dyani. Ni kama kumsifu mpishi hodari kwa kusimulia tu jinsi kuni zilivyokuwa mbichi.

Yeye mwenyewe hakuomboleza hivyo. Mongezi Feza alipofariki London mnamo Desemba 1975, wenzake wanne waliobaki walikutana siku chache tu baadaye, wakarekodi Blue Notes for Mongezi. Dyani yumo, anavuta besi na kupaza sauti kwa lugha ya kwao. Tarumbeta haimo. Hakuna mtu aliyeitwa kuipuliza. Kisha Steve Biko alipouawa mwaka 1977, Dyani alimwombolezea kwa nyuzi vilevile, na mwaka uliofuata ikarekodiwa santuri ya Song for Biko. Kwa hivyo huyu mtu alijua kazi ya matanga.

Zamu yake ikafika. Oktoba 1986 alifariki ghafla huko Berlin Magharibi. Mwaka uliofuata McGregor, Pukwana na Moholo wakaingia studio, sasa wakiwa watatu, wakarekodi Blue Notes for Johnny. Fundi hakuwa na kanda ya hiyo, akanipigia kutoka kwa simu yake kupitia zile spika mbili alizozitengeneza mwenyewe.

Nilisubiri besi iingie. Wimbo wa kwanza, haikuingia. Nikafikiri ni spika. Nikamwambia, "Fundi, huku chini hakuna kitu, angalia waya." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Waya ziko sawa," akasema. "Hawakuweka mtu."

Msomaji, nywele zilinisimama. Walikuwa Ulaya, wapiga besi wazuri wamejaa kila mji, na pengine wengi wangekuja hata bila malipo kwa heshima ya marehemu. Hawakumwita hata mmoja. Baadhi ya nyimbo wanazozipiga mle ni zake Dyani mwenyewe, na bado wanazipiga bila besi. Mkono wa kushoto wa piano unateremka chini kidogo, kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa aliyekwisha kuondoka, halafu unarudi juu. Ukisikiliza sana unaanza kuisikia besi ambayo haipo. Unaipiga wewe mwenyewe kichwani.

Hayo ndiyo maoni yangu, na ndiyo niliyoyatetea mbele ya chama Ijumaa ile hadi kengele ikalia. Siku ya kumkumbuka mpiga besi, mahali pake paachwe wazi. Watu wasikie kasoro. Muziki upwaye, wachezaji wajikwae, yule mzee wa Butere ainue kichwa aulize, kwani kuna nini? Hapo aambiwe jina.

Mwenzangu mmoja wa kidato cha nne alinipinga kwa maneno makali. Alisema bendi ni kazi kama kazi nyingine, na kwamba dereva wa matatu akifa gari halipelekwi bila dereva kwa ajili ya kumheshimu. Darasa likaangua kicheko na mimi nikakosa la kusema. Sasa nimelipata. Sijasema bendi ifungwe. Hata Chris McGregor, bendi yake kubwa ya Brotherhood of Breath iliendelea baada ya 1986, na ilikuwa na wapiga besi wengine. Wanamuziki wana watoto na kodi ya nyumba. Mimi nasema siku moja. Usiku mmoja wa matanga. Hiyo matatu siku ya mazishi ya dereva wake, mbona huwa tunaifunga matawi na kuiendesha polepole?

Nyongeza kidogo, ili mjue walivyoisha. McGregor alifariki Mei 1990 na Pukwana Juni mwaka huohuo, miezi michache baada ya Mandela kutoka gerezani Februari, kabla nchi yao haijawa huru. Moholo peke yake ndiye aliyebaki. Alirudi nyumbani Afrika Kusini mwaka 2005 na akafariki Juni 2025. Sasa hakuna hata mmoja wa kuwarekodia wenzake. Imebaki sisi tunaosikiliza, wengine kupitia spika za kuungaunga.

Sasa la nyumbani, kwa sababu nisipolisema nitakuwa mnafiki. Gitaa la mjomba liko kwetu, nyuma ya mlango wa chumba cha Mama. Nina deni la karo la muhula uliopita, na Mama amesema liuzwe. Mimi nikakataa, nikamhubiria kuhusu pengo na heshima, hata Dyani nikamtaja. Mama akaniangalia tu. "Huyo Dyani wako atakulipia karo?"

Jumamosi mnunuzi alikuja. Alikuwa yule kijana wa matanga, yule wa nywele za mafuta. Nilimpa kiti kwa shingo upande. Aliuliza kama anaweza kulijaribu, akalitoa vumbi kwa kiganja, akakaza nyuzi. Halafu akapiga mpigo mmoja wa mjomba, ule wa kushuka kwa kuchechemea ambao mjomba alikuwa akiupiga hata mezani kwa kijiko akingoja chai. Aliupiga bila kosa. Nikamuuliza aliutoa wapi. Akasema mjomba ndiye aliyemfundisha, kila Jumanne kwa miaka mitatu, na kwamba usiku ule kule Butere hakuupiga hata mara moja. Aliogopa.

Mama alikuwa ameingia jikoni na hakutoka kwa muda mrefu. Bei hawajakubaliana bado.